Mnyoo Alipoachia Kisahani

Siku ya tisa nilimkuta dume mmoja ameachia kisahani.

Minyoo wa kichocho waliokomaa, ukiwaweka kwenye kisahani cha plastiki chenye maji ya lishe na ukawatunza kwa joto la mwili, hawaelei ovyo. Dume ana kinyonyeo tumboni, na kwa kinyonyeo hicho hujibandika chini. Ukitikisa kisahani taratibu, mwili wake wote utayumba kama mwani, lakini pale aliposhika habanduki. Ana urefu wa sentimita moja hivi. Mwili umejikunja kwa urefu ukafanya mfereji, na ndani ya mfereji huo amelala jike, mwembamba kama uzi, na utumbo wake unaonekana mweusi kwa damu aliyokula. Ndivyo wanavyoishi ndani ya mishipa ya damu ya mtu, kwa kawaida miaka mitatu hadi kumi, wamekumbatiana, jike akitaga mayai kama 300 kila siku. Mayai hayo ndiyo yanayoumiza. Yale yanayokosa njia ya kutoka hunasa kwenye ini na kwenye kuta za utumbo, mwili ukayazungushia makovu.

Nilikuwa na visahani viwili chini ya hadubini. Minyoo wa kisahani cha kwanza walikuwa wameshika kama kawaida yao. Kwenye cha pili, yule dume alikuwa amelala upande, kalegea. Hakuna dawa iliyowekwa mle, wala sumu. Tofauti ya visahani hivyo ilikuwa moja tu: cha pili kilikuwa na RNA iliyotengenezwa kwa mfuatano wa jeni moja ya mnyoo mwenyewe, na cha kwanza kilikuwa na RNA ya jeni ya yavuyavu, ile inayotoa mwanga wa kijani, ambayo mnyoo hana. Kufikia jioni madume watatu walikuwa wameachia. Nilikaa pale nikiwatazama hadi taa za ukumbini zikazimwa.

Nataka kueleza kwa nini jambo dogo kama hilo, mnyoo kuachia plastiki, lilinifanya nisahau kula.

Jeni haifanyi kazi kwa mkono wake. Maagizo yake yameandikwa kwenye DNA, na DNA haitoki ndani ya kiini cha seli. Kinachotoka ni nakala, RNA ya ujumbe, nayo ndiyo inayosomwa ili protini ijengwe. Nakala hiyo ina uzi mmoja. Seli ikikuta RNA ya nyuzi mbili zilizoshikana hushtuka, kwa kuwa virusi vingi hupitia umbo hilo vinapojizidisha. Hapo kimeng'enya kiitwacho Dicer kinaikatakata RNA hiyo kuwa vipande vya herufi 21 hadi 23 hivi. Protini ya jamii ya Argonaute inachukua uzi mmoja wa kipande na kuzunguka nao ndani ya seli, inalinganisha. Ikikuta RNA ya ujumbe inayolingana na kile kipande, inaikata. Jeni yenyewe haijaguswa, iko palepale ilipokuwa, ila neno lake halifiki popote. Ndiyo maana tunasema imenyamazishwa.

Andrew Fire na Craig Mello, pamoja na wenzao, walilionyesha hilo mwaka 1998 kwa mnyoo mdogo asiye kimelea, Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja. Walimdunga RNA ya nyuzi mbili ya jeni iitwayo unc-22, inayohusika na misuli, na mnyoo akaanza kutetema sawasawa na mnyoo aliyezaliwa na hitilafu ya jeni hiyo. Uzi mmoja peke yake haukufanya kitu cha maana. Nyuzi mbili zikiwa pamoja, molekuli chache tu kwa kila seli zilitosha. Mwaka 2006 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel, na kwa kweli sijui ugunduzi mwingine wa zama zetu ulioingia maabarani haraka namna ile.

Uharaka huo ulitokana na ulafi wa mnyoo huyu. C. elegans hula bakteria. Ilibainika kwamba ukitengeneza bakteria wenye RNA ya nyuzi mbili ndani yao na ukamlisha, jeni inanyamaza mwili mzima, hata kwa watoto wake. Huna haja ya sindano, unahitaji sahani na subira tu. Mwaka 2003 watafiti wa Cambridge walitangaza matokeo ya kumlisha mnyoo huyu aina 16,757 za bakteria, kila aina ikinyamazisha jeni moja, karibu asilimia 86 ya jeni zote zilizokuwa zimetabiriwa. Jeni 1,722 zilipotulizwa, mnyoo alionyesha tofauti: hakukua, hakuzaa, alipooza, au alikufa.

Sasa fikiria ulikuwa mtafiti wa minyoo vimelea siku zile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.5 wana minyoo ya tumbo inayoenea kupitia udongo, na dawa za kuwatibu watu wote hao zinahesabika kwa vidole. Mara unaonyeshwa njia ya kumuuliza mnyoo, jeni moja baada ya nyingine: ukiikosa hii, utaishi? Kila jeni anayojibu "hapana" ni mahali ambapo dawa inaweza kulenga. Orodha ya shabaha ilionekana kama iko mlangoni.

Mimi niliingia kwenye kazi hii wakati matumaini hayo yalikuwa yameshapata makovu, lakini nilikuwa mgeni na sikuwa nimeambiwa.

Mnyoo wangu wa kwanza alikuwa Haemonchus contortus, anayekaa tumbo la nne la kondoo na kunyonya damu. Lava wake wa hatua ya tatu huvaa ngozi mbili, ya nje ikiwa ngozi kuukuu ya hatua iliyopita ambayo hajaivua. Ngozi hiyo ni ngao. RNA haipiti hapo, basi lazima umvue. Unawaweka lava kwenye dawa ya kung'arishia nguo iliyozimuliwa, unaangalia saa na hadubini kwa pamoja, na baada ya dakika chache unaona mmoja anajipinda, anasukuma kwa kichwa, kisha anatoka mtupu na anaacha ngozi nyuma yake, nyeupe na tupu kama soksi ya kioo. Ukichelewa kuwasuuza, wanakufa. Ukiwahi, nusu yao bado wamevaa. Nilipenda sana kazi hiyo. Mikono ilijifunza kabla ya akili.

Kisha unawaloweka kwenye RNA, unasubiri siku moja au mbili, unahesabu wangapi wanatembea. Jeni yangu ya kwanza nilikuwa na hakika nayo. Kwa C. elegans, kuinyamazisha ni kifo. Niliwaloweka lava wangu, nikahesabu, na wakawa wanatembea vizuri kuliko hata wale wa kulinganishia. Nikarudia mara tatu, nikapata yaleyale. Nikaandika daftarini kwamba kwa mnyoo wa kondoo jeni hii si ya lazima, nikaifuta kwenye orodha na kuendelea na nyingine. Nayo nikaifuta.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi sanifu wa maabara, aliyekuwa ameshika minyoo miaka mingi kabla yangu. Alikuwa akisafisha meza ya jirani, akainama juu ya daftari langu.

"Umepima RNA ya ujumbe?" akaniuliza.

"Bado, mama. Lakini si unaona wanatembea?"

"Naona. Na jeni imenyamaza?"

Sikuwa na jibu.

"Basi mwanangu, mnyoo hajakujibu kitu. Wewe ndiye hujamuuliza."

Nilipima. Ujumbe wa jeni ya kwanza ulikuwa umejaa tele, kama vile sikufanya lolote. RNA yangu haikuwahi kuingia ilikotakiwa kuingia. Jeni ya pili ujumbe wake ulikuwa umepungua kweli, lakini protini yake ni ya kudumu. Iliyokuwa imeshajengwa kabla sijaanza ilitosha kumwendesha lava kwa muda wote niliomtazama. Kufunga bomba hakukaushi mtungi uliokwisha kujaa. Jeni mbili nilizozifuta kwa wino zilikuwa zimefutwa bure, na iwapo daftari lile lingefika mbali zaidi ya meza yangu, pengine asingetokea mtu wa kuzirudia.

Baadaye nilisoma kwamba maabara nyingine zilikuwa zimepita njia hiyohiyo ya miba. Kwa Haemonchus ni jeni chache tu zilizokubali kunyamaza, tena hazikutabirika. Kundi moja la watafiti lilikuja kuonyesha mwaka 2011 kwamba zinazokubali ni zile zinazofanya kazi mahali panapogusana na nje: utumbo, seli ya kutolea taka, viungo vya hisi kichwani. Inaingia akilini, maana RNA hufika pale inapoweza kufika. C. elegans ana protini ya kwenye utumbo, SID-2, inayosaidia kumeza RNA ya nyuzi mbili, na minyoo mviringo wengi walio vimelea hawana inayofanana nayo. Yule mnyoo wa maabara aliyetufundisha kila kitu alikuwa, kwa jambo hili, mnyoo wa pekee. Tulimchukua kuwa kioo cha ndugu zake wote, na kioo kilikuwa kimepinda.

Tangu siku ile nina sheria moja ambayo siivunji: siamini kimya kisichokuwa na kipimo. Mnyoo akifa baada ya kunyamazishiwa jeni, na ujumbe ukawa umepungua, na wale wa kulinganishia wakawa hai, hilo ni jibu. Asipokufa, bado huna kitu mkononi mpaka uonyeshe kwamba ujumbe ulipungua, na protini ikapungua, na ulisubiri muda wa kutosha. Makala nyingi mno husema "jeni hii si ya lazima" pale ambapo zingepaswa kusema "hatukufanikiwa kuinyamazisha".

Minyoo bapa walikuwa wakarimu zaidi. Tangu mwaka 2003 ilijulikana kwamba Schistosoma mansoni, mmoja wa minyoo wa kichocho, hunyamaza jeni ukimloweka tu. Kilichokosekana ni namna ya kumweka mnyoo mkomavu hai na mwenye afya nje ya mwili kwa wiki nyingi, kusudi mtungi upate muda wa kukauka. Maabara ya James Collins, kule Dallas, ilipata maji ya lishe yanayoweza kufanya hivyo, jozi zikaendelea kukumbatiana na kutaga. Mwaka 2020 wakatangaza jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote katika fani hii: walinyamazisha jeni 2,216 za mnyoo mkomavu, moja moja, na kuwatazama.

Waliwatazama kwa macho. Hili lazima nilikazie, kwa sababu tukisema "uchunguzi mkubwa wa jeni" watu huwaza mashine zinazoendesha kila kitu. Kipimo kikuu kilikuwa hikihiki nilichoanza nacho: ameshika kisahani au ameachia? Mwili mzima au umeoza vidonda? Seli shina zinagawanyika au zimesimama? Jeni 261 zilipotulizwa zilileta hitilafu, yaani kama 12 kati ya kila 100. Miongoni mwa hizo, vimeng'enya viwili, TAO na STK25, vilitokea kuwa washirika. Kazi yao ni kuhakikisha seli za misuli zinaendelea kuandika ujumbe wa protini za misuli. Ukinyamazisha kimoja chochote, mnyoo anapooza. Halafu wakafanya lile linalofanywa na wachache: minyoo walionyamazishwa wakarudishwa kwa upasuaji ndani ya panya, kwenye mishipa yao ya asili. Hawakustahimili, walikufa.

Kwangu mimi hatua hiyo ya mwisho ndiyo uzito wa kazi yote. Kisahani ni mahali pa starehe. Hakuna mkondo wa damu unaokusukuma, hakuna kinga ya mwili inayokuandama. Mnyoo aliyepooza kisahanini anaweza kuendelea kuishi wiki kadhaa, na ukimtazama pale tu utasema ni mgonjwa lakini hatakufa. Ndani ya mshipa, asiyeweza kushika amekwisha. Kwa hiyo mtu anayetafuta dawa asitafute jeni zinazoua kisahanini peke yake. Kupooza kunatosha, mwili utamalizia.

Hapa nafika kwenye jambo lililonisumbua usingizi kuliko yote, na ambalo nimebishana nalo na wenzangu mara nyingi.

Chukua dawa tulizo nazo leo. Ivermektini, iliyowapa William Campbell na Satoshi Ōmura sehemu ya Nobel ya mwaka 2015, hufungua milango inayopitisha kloridi kwenye neva na misuli ya mnyoo na kuiacha wazi. Kwa C. elegans, milango hiyo imegawanywa kwa jeni kadhaa, na ili awe sugu kabisa ni lazima tatu ziharibike kwa pamoja: avr-14, avr-15 na glc-1. Mnyoo aliyeharibikiwa zote tatu anaishi na anazaa. Levamisoli hufungua vipokezi vya misuli hadi mnyoo akakakamaa. C. elegans asiye na vipokezi hivyo anakwenda kwa kujipindapinda vibaya, lakini yu hai. Albendazoli na ndugu zake hushika protini iitwayo tubulini. Jeni ya tubulini wanayoishika kwa C. elegans ni ben-1, na mnyoo asiye na ben-1 kabisa ana afya yake, na dawa haimgusi. Prazikwanteli, dawa tegemeo ya kichocho iliyotengenezwa miaka ya 1970, shabaha yake ilikuja kujulikana mwaka 2019 tu: mlango mmoja wa ioni wa jamii ya TRPM, ambao dawa huufungua kalsiamu ikafurika na misuli ikajikaza. Mwaka 2021 ikaonekana kwamba minyoo sugu wa maabarani wana mabadiliko yanayohusu jeni hiyohiyo, na wanaendelea na maisha yao.

Umeona kilichopo hapo? Dawa zote hizo, ambazo zimetibu watu na mifugo kwa mamilioni, jeni za shabaha zake zingepita kwenye uchunguzi wa kunyamazisha bila mtu kuzitilia maanani. Ungenyamazisha, mnyoo angeendelea kutembea, ungeifuta jeni daftarini. Sababu ni kwamba dawa hizi, ukiacha albendazoli na ndugu zake, hazinyamazishi chochote. Zinafungua mlango na kuuzuia usifungwe. Zinapiga kelele mahali ambapo kimya kisingedhuru.

Kuna wenzangu wanaochukua hoja hii na kusema basi, njia ya kunyamazisha jeni ni ya kutafutia shabaha za aina isiyowahi kutupa dawa, tuiache. Mimi nimeizungusha hoja hiyo kichwani kwa miaka na nimefikia upande wa pili.

Tazama usugu unatoka wapi. Mnyoo ambaye shabaha ya dawa kwake ni kitu anachoweza kukikosa, njia yake ya kuponyoka ni fupi: akitupe. Avunje jeni, basi. Kuvunja ni rahisi, kwa maana jeni ina mahali elfu moja pa kuvunjikia. Monepanteli iliingia sokoni mwaka 2009 kwa ajili ya kondoo, dawa ya jamii mpya kabisa, na kufikia 2013 taarifa za minyoo sugu zilikuwa zimetoka New Zealand. Kipokezi kinacholengwa na dawa hiyo ni cha aina anayoweza kuikosa, na Haemonchus sugu waliozalishwa maabarani walikuwa wamekiharibu. Oksamnikwini, iliyotumika sana Brazil dhidi ya kichocho, ni mfano mchungu zaidi. Dawa hiyo haidhuru mpaka kimeng'enya cha mnyoo mwenyewe kiiamshe. Mnyoo aliyepoteza kimeng'enya hicho hapotezi kitu kingine, na dawa inampita kama maji.

Kimeng'enya hicho, kwa njia, kilithibitishwa kwa kunyamazisha. Mwaka 2013 watafiti walifuata usugu huo kwa kuzalisha minyoo sugu na wasio sugu, wakapata jeni, kisha wakainyamazisha kwa mnyoo asiye sugu. Akawa sugu papo hapo. Huo ni ushahidi ambao sijui njia nyingine ingeutoa kwa usafi ule. Kunyamazisha jeni si lazima kumuue mnyoo ndipo kufae. Wakati mwingine kunamwokoa na dawa, na katika kumwokoa kunakuonyesha dawa ilikuwa inagusa wapi.

Nirudi kwenye hoja yangu. Jeni ambayo kuinyamazisha ni kifo au kupooza, mnyoo hawezi kuitupa. Akitaka usugu, itambidi aibadilishe kwa ustadi, herufi moja hapa au pale, kwa namna inayoikataa dawa lakini inayobakiza kazi. Inawezekana. Haemonchus alifanya hivyo hasa na tubulini yake, badala ya kuitupa kama C. elegans anavyoweza kuitupa ben-1: asidi amino moja, yaani tofali moja la protini, la 200 kwenye mnyororo, ikabadilika kutoka fenilalanini kuwa tairosini, na dawa za jamii ile zikakosa pa kushika. Thiabendazoli, dawa ya jamii hiyo, ilianza kutumika mwaka 1961, taarifa ya usugu ikatoka 1964. Sidai kwamba shabaha ya lazima ni kinga dhidi ya usugu. Nadai kwamba tumekuwa tukijenga dawa juu ya vitu ambavyo mnyoo anaweza kuvitupa, halafu tunashangaa anapovitupa. Kunyamazisha jeni ndiyo njia ya moja kwa moja tuliyo nayo ya kujua, kabla hatujatumia miaka na fedha, kama kitu fulani kinatupika.

Mfano wa shabaha ya namna hiyo tunao. Mnyoo wa kichocho anaishi ndani ya damu, na damu ni mahali pa moto kikemikali. Oksijeni na hemoglobini anayoimeng'enya humzalishia vitu vinavyounguza seli. Binadamu hujikinga na hali hiyo kwa mifumo miwili, kila mmoja ukiwa na kimeng'enya chake. Mnyoo ana protini moja, TGR, inayobeba kazi zote mbili. Mwaka 2007 jeni yake iliponyamazishwa kwa minyoo wachanga, wengi walikufa ndani ya siku 4. Auranofini, dawa yenye dhahabu iliyokuwa ikitumiwa kwa baridi yabisi, huizuia protini hiyo, na panya walioambukizwa na kupewa dawa hiyo walipungukiwa na minyoo kwa karibu asilimia 60. Kasoro iko wazi: auranofini hugusa pia kimeng'enya chetu kinachofanana. Lakini protini ina mfuko ambamo molekuli ya dawa inaweza kuingia, na mnyoo hana akiba ya kukimbilia.

Watu wasio wa fani huniuliza, ndugu zangu wakiwa wa kwanza, kama basi mgonjwa atakuja kudungwa RNA ya kunyamazisha jeni za minyoo. Hapana. RNA ya namna hiyo haidumu mwilini, ni ghali, na kuifikisha kwa mnyoo aliye ndani ya mshipa ni kazi nyingine kabisa. Kinachotakiwa mwishoni ni kidonge, molekuli ndogo itakayofanya kwa protini kile ambacho RNA imefanya kwa ujumbe. Katikati ya hapo na hapa ni miaka ya kemia. Mimi si mkemia, na huwaonea fahari wanaoichukua orodha yetu ya jeni na kwenda nayo huko.

Swali linalonikaa zaidi ni la prazikwanteli. Inafaa, ni salama, na kwa kichocho karibu tunaitegemea hiyo moja tu. Minyoo wachanga hawadhuriki nayo sana, kwa hiyo aliyeambukizwa wiki chache kabla ya kumeza atabaki na wanaoendelea kukua. Jeni zile 261 zilipatikana kwa minyoo wakomavu. Kazi ninayotamani kuiona ni hizohizo kunyamazishwa kwa wachanga, jeni moja moja, kwa subira ileile, na kurudishwa ndani ya mnyama. Ni kazi ya kuchosha macho. Naijua, na niko tayari.

Jeni niliyoinyamazisha kwenye kisahani changu cha pili haikuwa ugunduzi wangu. Ilikuwa STK25. Nilikuwa nairudia ili mikono yangu ijifunze kabla sijagusa jeni ambazo hakuna aliyezijaribu. Safari hii nilipima ujumbe kwanza, kabla ya kuamini macho. Ulikuwa umeshuka.

Siku ya kumi na mbili nilichukua pipeti, nikapuliza tone moja la maji ya lishe kando ya dume wa kisahani cha kwanza. Alijikunja, akavuta mwili wote nyuma kuelekea kwenye kinyonyeo, akatulia, ameshika. Nikahamia cha pili, nikapuliza tone lilelile kando ya yule wa siku ya tisa. Utumbo wake bado ulikuwa na rangi, ngozi haikuwa na kidonda. Alikwenda na maji mpaka ukingoni mwa kisahani, akakaa hapo maji yalipomwacha. Nikaandika saa, nikaandika namba yake, nikapuliza tena.